Lensi Niliyoinunua Ndani ya Duka

Mjomba,

Kuna sauti moja ambayo haijaniacha. Ni ndogo mno. Mtu aliyekaa mlangoni pa studio yako asingeisikia. "Tk." Ni sauti ya hesi ya lensi, ile mifereji yake ya skrubu, inapoukuta mwanzo wa njia yake kwenye mdomo wa kamera, kabla haijaanza kuzunguka. Nimesikia sauti kubwa zaidi tangu uondoke. Nilisikia wanawake wakilia kule kijijini Kinole siku tuliyokuzika, nikasikia majembe yakigonga mawe, nikasikia masika mazima yakipiga bati la bweni letu. Zote zimekwenda zake. Hiyo ndogo imebaki.

Nilikuwa darasa la tano. Ulikuwa umeitoa lensi kuifuta, ukaniambia niirudishe, nami kwa kutaka uone kwamba naweza, nikaikandamiza na kuizungusha kwa nguvu. Ikaingia upande. Chuma kikalia vibaya, kama jino lililosaga mchanga. Nilidhani utanipiga. Ulinishika mkono tu, ukasema, "Rudi nyuma kwanza. Zungusha kinyume, taratibu, mpaka iisikie njia yake. Ikiisikia itakwambia." Nikarudi nyuma. Nikarudi tena. Ndipo ikasema, na baada ya hapo ikaingia yenyewe kwa vidole viwili.

Nakuandikia kuhusu lensi. Nakuandikia pia kuhusu jambo nililolifanya siku ya arobaini yako, au niseme nililoacha kulifanya. Nilitaka kuanza na hilo. Nimechana karatasi mbili. Basi niache nianze na habari za mji.

Chumba chako cha studio mwenye nyumba amempangisha mtu wa mitumba. Pale ulipotundika lile pazia lililochorwa maua na ngazi za kifalme, sasa zinaning'inia suruali za jinzi, na ukipita asubuhi unasikia "mia mia, chagua mwenyewe!" Chumba cha giza, ulimokuwa ukisafisha picha, wamekifanya stoo ya viatu. Nilichungulia siku moja. Ile taa nyekundu bado ipo darini, haina mtu wa kuiwasha.

Maduka yamejaa, Mjomba. Sabuni za kila harufu, redio, saa za mkononi, vitu ambavyo tulikuwa tukivipangia foleni sasa vinatufuata barabarani. Kule barabara kuu kuna duka la picha za rangi lenye mashine. Unapeleka filamu, unakwenda kunywa soda, ukirudi picha zimeshaiva. Uliliona likifunguliwa. Ulisimama ng'ambo ya barabara na mikono nyuma, ukasema, "Picha ya saa moja ni kama wali wa dakika tano, utamu wake unaishia kwenye moshi." Nilicheka. Zaituni hakucheka. Alikuwa amehesabu watu walioingia kule na watu walioingia kwetu.

Zaituni sasa anafanya kazi katika duka hilo. Ndiyo, mwanao mwenyewe. Wanamkalisha kaunta, anapokea filamu na kuandika majina ya wateja kwenye bahasha. Mashine hairuhusiwi kuguswa naye. Kuna kijana kutoka Dar anayeigusa. Yeye aliyekuwa akichanganya dawa zako kwa kunusa tu, aliyekuwa akijua picha imetosha kwenye maji kwa kuhesabu kimoyomoyo, anaandika majina kwenye bahasha. Watu wa Kinole wakishuka na mananasi na mdalasini wao humpitia pale, humuuliza, "Lini unatupandia na kamera? Baba yako alikuwa anapanda kila baada ya mavuno." Naye huwajibu, "Kamera ipo chuoni, inasoma."

Unaujua mchezo huo, Mjomba. Utani wa binamu. Lakini aliposema hivyo mara ya kwanza mbele yangu, nilikirudisha kikombe cha chai mezani.

Sasa niseme.

Siku ile ya arobaini ukoo ulikaa barazani kwa Mama. Wewe unaijua sheria yetu kuliko mimi: vitu vya mwanamume havibaki kwa wanawe, kwa sababu wanawe ni wa ukoo wa mama yao. Vinarudi kwa dada yake, kwa watoto wa dada yake. Na jina lake pia linarudi huko, likae juu ya mtu, asije marehemu akazurura bila pa kukaa. Wakatafuta mpwa wa kiume. Dada zako wote watatu, Mungu amewapa mabinti. Wazee wakakohoa. Babu Kibwana, mjomba wako, akatazama darini kisha akasema, "Basi huyuhuyu msomi." Wakanikalisha kwenye mkeka, wakanivika kanzu yako, ikaburuza sakafuni, na watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka. "Shabani amerudi mfupi!" Mama, dada yako mdogo, akanipigia magoti akaniamkia kama kaka yake, akicheka na kulia kwa mpigo. Zaituni naye ikabidi aje. Ana miaka mitatu zaidi yangu, alinibeba mgongoni. Akainama akasema, "Shikamoo, baba." Nikasema marahaba. Kila mtu akacheka tena.

Ndipo wakaleta kamera. Ile ya Kirusi, nzito kama jiwe la kusagia, kwenye mfuko wake wa ngozi. Babu Kibwana akauliza kama ilivyo desturi: kuna mtu aliyesikia neno lolote kutoka kwa marehemu kuhusu kitu hiki?

Nilikuwa nimesikia.

Unakumbuka. Ulikuwa umelazwa, kifua kimekubana, na Zaituni alikuwa ametoka kwenda kuchemsha uji. Ulikuwa unatazama mlango alikotokea. Ulisema, "Idi ikifika nitampa Zaituni kamera kwa mkono wangu, mbele ya watu. Nimechelewa sana." Ulikuwa ukisema nami au ukisema na mlango, sijui. Idi ilibakiza siku kumi na moja. Wewe ulibakiza nne.

Babu aliuliza mara mbili. Mara ya pili alinitazama mimi, labda kwa sababu nilikuwa karibu naye tu, na nilikuwa bado nimevaa kanzu yako. Nilisema moyoni kwamba neno la mgonjwa si wasia. Nilisema moyoni kwamba wewe ndiye uliyenifundisha, kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikikaa nawe juu ya paa kutazama mwanga, kwamba Zaituni yeye ni mikono tu na mimi ni macho. Fikiri, Mjomba, nilifikiri hivyo kuhusu binamu yangu. Yote hayo nilikuwa nayapanga vizuri kichwani kama insha, na nilipomaliza kuyapanga wazee walikuwa wameshasema amina, na kamera ilikuwa mapajani mwangu.

Nikaenda nayo chuoni Dar. Sikupiga hata picha moja. Niliiweka chini ya kitanda bweni, ndani ya mfuko wake wa ngozi, na mfuko ndani ya sanduku, nikalifunga kufuli. Nilikuwa naogopa wezi. Ulikuwa umetuambia mara ngapi? "Ngozi hunywa maji. Kamera ilale nje ya mfuko, ipate upepo, na siku ya jua uioteshe jua jichoni kama mzee." Nilikumbuka maneno hayo. Nilishindwa kufungua lile sanduku, basi. Kila nilipoinama kulivuta nilihisi kama kuna mtu ndani yake ataniuliza swali mara ya tatu.

Masika yalipokwisha nililifungua. Nikaitoa lensi, nikaielekeza dirishani kama ulivyotufunza, na nikaona ndani ya kioo nyuzi nyeupe, zimetawanyika kama mizizi ya muhogo mchanga. Kuvu. Nilikwenda kwa fundi, akaifungua, akafuta, akatikisa kichwa: imeshakula kioo, alama zake hazitoki. Picha zingetoka kama zimepigwa kupitia chandarua. Miaka yote uliyopanda na kushuka nayo milimani, kwenye mawingu na manyunyu ya Kinole, haikupata hata doa. Mimi niliiua ndani ya sanduku kavu, kwa kuitunza.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta lensi nyingine. Nilijiambia nikiitengeneza, mambo yote yatakuwa yametengenezeka.

Nilizunguka Kariakoo Jumamosi nne. Siku hizi lensi zilizotumika zinaingia na kila kitu, ndani ya masanduku ya redio na pasi na vikombe vya watu wa Ulaya. Lakini nyingi ni za kamera za Kijapani, zile zenye meno matatu unazipachika na kuzigeuza kidogo. Yetu ni ya hesi. Nilikwenda na kamera yenyewe kifuani, kwa sababu ulisema lensi hainunuliwi kwa maneno. Wauzaji waliniona naijaribu moja baada ya nyingine, wakanibatiza jina "Daktari wa macho".

Jumamosi ya nne nikaipata katika duka moja refu na jembamba kama ushoroba, lenye taa ya tyubu na kalenda ukutani. Mwenye duka, baba mmoja ambaye miwani yake imeshikwa na uzi, aliichomoa kwenye kopo la maziwa ya unga. "Hii inaingia kamera zote za hesi, dada yangu. Isipoingia naila mbele yako."

Nikafanya kila kitu kwa utaratibu wako. Nikaiinua kwenye mwanga, nikaangalia kioo cha mbele na cha nyuma: safi. Nikazungusha pete ya majani ya ndani, yale yanayopunguza mwanga, yakafunga na kufunguka bila kusita, makavu, hayana mafuta. Nikainusa, maana ulisema kuvu huanza kunuka kabla haijaonekana. Kisha nikaiweka kwenye mdomo wa kamera na nikarudi nyuma kwanza, kinyume, taratibu.

Ilisema, Mjomba. Sauti ileile.

Machozi yakanitoka palepale. Mwenye duka akashtuka. "Sasa unalia nini, mama? Basi nitakupunguzia, usilie, wateja wataniona mwizi." Nikacheka huku nalia. Nikaangalia ndani ya kamera, nikamtafuta usoni mpaka nikaona nyuzinyuzi za ule uzi wa miwani yake moja moja. Nikageukia kalenda ukutani, nikasoma hata yale maandishi madogo ya chini. Kila kitu kilisimama. Nilikumbuka neno lako hilo pia: picha ikiwa kali ulikuwa ukisema "imesimama". Pete ya umbali ilikuwa imefika mwisho kabisa, kwenye ile alama yetu ya nane iliyolala, ya mbali kusiko na mwisho. Kalenda ilikuwa hatua tatu tu kutoka niliposimama, na pete iko mwisho. Sikujiuliza. Nililipa nikatoka mbio, kama mtu anayeogopa kuitwa.

Likizo ilipofika nikaja nayo nyumbani Morogoro. Nilishuka mchana, nikapitia duka la picha, nikamsubiri Zaituni atoke kazini. Nilitaka awe wa kwanza kuiona. Tulikwenda mpaka uani kwa Mama, nikaivua begani kwa majivuno, nikamwambia, "Tazama, jicho jipya."

Aliipokea kwa mikono miwili. Hakuangalia lensi, hakuangalia alama. Alitoka nayo tu mpaka penye uwazi nyuma ya jiko, akaiinua kuelekea mlimani, akazungusha pete mpaka mwisho. Akarudi nyuma. Akazungusha tena. Kisha akaishusha akanitazama, na mdomo wake ulikuwa unapigana na kicheko.

"Baba," akasema, "hii uliinunua ndani ya duka?"

"Ningeinunulia wapi, baharini?"

"Hukutoka nayo nje?"

Nikamnyang'anya, nikatazama. Mlima haukusimama. Ile minara ya redio kule kileleni Bondwa, ambayo ulikuwa ukisema kama huioni imechongoka kama sindano basi hujanunua kitu, ilikuwa uji mtupu. Nikashusha kamera kwa Mama, aliyekuwa akipepeta mchele hatua mbili mbele yangu: Mama amesimama vizuri, na punje za mchele zinahesabika. Nikapandisha tena: milima yote ya Uluguru imeyeyuka. Nilizungusha pete mpaka vidole vikauma. Lensi ilikuwa inaona mpaka mlangoni, basi. Zaidi ya hapo haijui kama kuna dunia.

Nilikaa chini kwenye mavumbi. Nilikuwa nimekumbuka kila neno lako isipokuwa hilo moja, na hilo moja ndilo ulilokuwa ukilisema kila siku, kila siku, mpaka wateja wakawa wanakuigiza. Jaribu karibu, halafu jaribu mlima. Mtu wa Morogoro anasahauje mlima?

Zaituni akanicheka hasa, mkono tumboni. "Shangazi njoo umwone kaka yako! Ametoka chuoni na lensi ya kupigia kunguni!" Mama akajibu kutoka kwenye ungo, "Mwache kaka yangu, yeye alisomea vitabu." Kisha Zaituni akakaa karibu nami, akaitoa lensi kamerani, akaigeuza nyuma, akapitisha ukucha wa kidole gumba kuzunguka mahali hesi inapoanzia. Akapitisha tena.

"Kuna kitu hapa. Pameinuka."

Mimi nilipaangalia sikuona kitu. Alikwenda jikoni, akarudi na mafuta ya taa kidogo kwenye kifuniko, akapaka, akasubiri, akachokonoa kwa ncha ya pini ya kanga yake. Ikatoka pete nyembamba ya bati, mtu aliikata kwa mkasi kutoka kwenye kopo na kuipaka rangi nyeusi ifanane na lensi. Unene wake hauzidi ukucha. "Huyu aliyekuwa nayo alikuwa anapiga picha vitu vidogo," akasema. "Vyeti, labda. Fundi wa vyeti huyu! Pete inaisogeza lensi mbele kidogo, basi inaona karibu sana, na mbali inapoteza." Akaifuta kwa ncha ya kanga, akairudisha kamerani, kinyume kwanza, akainuka, akaielekeza mlimani. Nilijua kwa jinsi mabega yake yalivyoshuka.

Akanipa nitazame. Minara ilikuwa imesimama. Chini yake niliona mstari wa msitu, na chini ya msitu makorongo, na shamba la mtu limepandwa migomba, na moshi.

Sasa nakuomba usikilize hapa, maana hapa ndipo penyewe. Alipomaliza, Zaituni alichukua ile kamera mikononi mwangu, akaifuta vumbi nililoitia, akaining'iniza shingoni mwangu na kuniweka sawa mkanda, kama unavyomvalisha mtoto sweta. Akasema, "Haya. Kamera yako imepona." Hakusema kwa uchungu, Mjomba. Afadhali angesema kwa uchungu. Alisema kwa furaha tu, ya fundi, kisha akatazama saa akasema anawahi, kesho yuko zamu ya asubuhi, bahasha zinamngoja.

Sikumwambia siku ile. Nilidhani nikimwambia peke yake atasema, "Acha, yamepita," na mimi ningekubali haraka mno. Tena niliogopa jambo jingine: nikimpa kimyakimya, ukoo utasema ameiba kitu cha ukoo usio wake. Angeitwa mwizi kwa ajili ya zawadi.

Nilikwenda kwa Mama nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za zamani. Nilimuuliza, je, kwa desturi yetu, baba hawezi kabisa kumpa mwanawe kitu? Mama alikuwa anachambua mboga. Akasema, "Nani kakwambia hawezi? Ile mikarafuu yangu kule Kinole alinipandia nani? Baba yangu, na hakuwa wa ukoo wetu. Baba akimpa mwanawe kwa mkono wake, akiwa hai, mbele ya watu, ukoo wake haukigusi. Akifa kabla hajatoa, ndiyo basi, kinarudi kwa dada zake." Akatupa bua la mchicha. "Kaka alijua hivyo. Alichelewa tu. Yule alichelewa kila kitu isipokuwa mwanga."

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani. Nilifikiri sana, unanijua. Nilifikiri juu ya ile kanzu iliyoburuza. Watu walicheka, lakini wazee hawakuwa wanatania waliponivika. Mama ananiita kaka pale anapotaka nimchotee maji, na pale anapoumwa pia. Zaituni ananiamkia baba. Kama jina lako liko juu yangu kweli, basi liko juu yangu kwa kila kitu, hata kwa yale yanayonigharimu. Siwezi kuwa Shabani wa kupokea kamera, halafu nikawa Tatu mpwa wako tu pale inapobidi kuitoa.

Ijumaa baada ya sala niliwaomba waje barazani. Babu Kibwana, Mama, mama zangu wadogo wawili, na Zaituni na mama yake, ambao walidhani wameitwa kula. Nilikuwa nimevaa kanzu yako. Mama alikuwa ameikunja pindo bila kuniuliza.

Nilisema kwanza lile la hospitali. Nilisema ulivyosema, neno kwa neno, na siku zilizokuwa zimebaki. Babu akanigeukia.

"Ulisikia, ukanyamaza?"

"Nilisikia, nikanyamaza."

"Nikauliza mara mbili."

"Uliuliza mara mbili, Babu."

Hakuna aliyecheka. Zaituni alikuwa anatazama miguu yake. Mama yake alivuta kanga akajifunika mdomo. Nilitamani mtu anipige. Babu akasema, kwa sauti ya kuchoka, kwamba hata hivyo neno la marehemu halikutolewa kwa mkono, na kitu cha ukoo hakitoki kwenye ukoo kwa sababu msichana mmoja amepata majuto.

Nikamuuliza, "Babu, mimi ni nani katika nyumba hii?"

"Wewe ni Tatu."

"Siku ya arobaini ulinivika kanzu ukaniita nani?"

Akakohoa. "Nilikuita Shabani."

"Na huyu pale ni nani kwangu?"

Mama mdogo mmoja akaguna kama mtu aliyeuona mwisho wa hadithi. Babu akamtazama Zaituni, akanitazama mimi, akatazama kanzu. "Ni mwanao," akasema. Kisha akapiga goti lake kwa kiganja. "Shule hizi! Tunawapeleka wakajifunze hesabu, wanarudi kutuhukumu kwa sheria zetu wenyewe." Lakini hakuondoka, na hakukataza. Alikaa akawa shahidi.

Mjomba, sitakuomba unisamehe kwa barua. Naliacha hilo liwe kazi yangu ya kila siku. Ninachokuahidi ni hiki: kila likizo nitapanda na Zaituni Kinole, nitambebea ile miguu mitatu ya kamera, nami nitakuwa mtu wa kuandika majina ya watu kwenye daftari. Yeye atapiga. Jina lako nitaendelea kulibeba, na nikiulizwa neno ulilolisema mbele yangu, nitalisema mara ya kwanza.

Lala salama. Mungu akupanulie kaburi lako na kukutia nuru. Mama anakusalimu, anasema mwaka huu mikarafuu imezaa.

Pale barazani, Babu akiwa shahidi, niliivua kamera shingoni, nikaishika kwa mkono wa kulia. Nikamwambia, "Zaituni, mwanangu, pokea, ni baba yako anakupa, yu hai na watu wanaona." Aliitika "ahsante, baba," na safari hii sote tulisikia kwamba hatanii. Amepokea. Leo asubuhi ameaga kazi kule kaunta.

Mpwa wako,
Tatu